Kutoka Ubaoni hadi Ofisi ya Mkuu wa Shule: Mwongozo kwa Mwalimu wa Bulembia na Bwera

Mwalimu wa Kasese anayetamani kuwa mkuu wa shule mara nyingi huanza kwa kuuliza chuo gani kina ada nafuu. Swali lenyewe ni la maana, ila limewahi mno. Serikali ya Uganda hulipa cheo, hailipi cheti. Ukirudi na shahada ya uzamili kisha ukaendelea kufundisha P.5 au S.2, mshahara wako utabaki palepale hadi siku utakapoteuliwa kushika nafasi ya juu. Ndiyo maana masomo yaliyomfaa mwenzako wa shule ya msingi Kilembe yanaweza yasikufae wewe wa sekondari Mpondwe: huenda anayemteua yeye siye atakayekuteua wewe. Tuanze basi na mwenye kalamu ya uteuzi, chuo kitafuata.

Hatua ya 1: Jua faili lako liko kwa nani

Bulembia, pamoja na Kilembe yake, ni divisheni mojawapo kati ya tatu za Manispaa ya Kasese. Nyingine ni Central na Nyamwamba. Ukifundisha shule ya msingi ya serikali huko juu ya bonde la Nyamwamba, mambo yako ya kazi yanapitia kwa Ofisa Elimu wa Manispaa na kwa karani wa mji. Mwenzako wa Bwera yuko chini ya wilaya: Ofisa Elimu wa Wilaya, na juu yake mtendaji mkuu wa wilaya ambaye kila mtu humwita CAO. Wote wawili, likija suala la kupandishwa cheo, hukutana mbele ya Tume ya Utumishi ya Wilaya.

Mwalimu wa sekondari ya serikali ana njia nyingine kabisa. Yeye huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Elimu iliyoko Kampala, na wakuu wa shule na manaibu wao vilevile. Jambo hili lina tokeo ambalo watu hulisahau mpaka barua ifike nyumbani: mkuu wa shule ya msingi hubaki ndani ya wilaya yake, lakini mkuu wa sekondari anaweza kupelekwa popote Uganda, hata Kotido. Kama una mzazi mgonjwa Bwera au shamba la kahawa mlimani linalolipa ada za watoto, lizungumzeni nyumbani sasa, kabla hujalipia fomu ya chuo.

Kuna mkono wa tatu. Shule nyingi za serikali zilianzishwa na madhehebu, na Sheria ya Elimu ya 2008 inawapa waanzilishi nafasi katika kamati za usimamizi za shule za msingi na bodi za magavana za sekondari. Kwa Kasese hao ni hasa Jimbo Katoliki la Kasese na Dayosisi ya Kianglikana ya South Rwenzori, na wapo pia Waislamu na Waadventista. Katibu wa elimu wa dhehebu hana kalamu ya kukuteua, lakini neno lake husikika. Afadhali akujue kwa kazi yako, kuliko akusikie kwa mara ya kwanza siku unapomletea barua ya kuomba akutetee.

Shule binafsi ni habari fupi: mwenye shule ndiye tume. Muulize moja kwa moja anataka nini, na umwombe akuandikie.

Hatua ya 2: Pima ngazi unayosimama

Uzamili unahitaji shahada ya kwanza, kwa kawaida ya daraja la pili la chini au zaidi. Mwalimu mwenye cheti cha Gredi ya Tatu hana njia ya mkato. Atapita stashahada ya elimu ya msingi, kisha shahada, ndipo afikirie uzamili. Ni safari ndefu, lakini haikwepeki: Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 iliifanya shahada kuwa kiwango cha chini cha ualimu, kuanzia chekechea hadi sekondari. Kwa hiyo ukiwa Gredi ya Tatu na una miaka 30 na kitu, shahada ya elimu ya msingi ndiyo mradi wako wa uongozi kwa sasa. Yeyote anayekuuzia uzamili leo anakuuzia ndoto.

Mwenye shahada isiyo ya ualimu, tuseme ya biashara au kilimo, ataanza na stashahada ya uzamili ya ualimu. Hiyo humpa haki ya kufundisha na kusajiliwa. Uongozi bado haijamfundisha. Msichanganye hizo mbili.

Kwa mwenye shahada ya ualimu tayari, ningependekeza jambo ambalo vyuo havilitangazi kwa sauti: tazama kwanza stashahada ya uzamili katika uongozi au usimamizi wa elimu. Huchukua takriban mwaka mmoja, ada yake ni ndogo kuliko ya uzamili kamili, na huna tasnifu ndefu ya kukusumbua. Kama daraja lako la shahada lilikuwa dhaifu, mara nyingi ndiyo inayofungua mlango wa uzamili baadaye. Wapo walioona aibu kuianza, wakaenda moja kwa moja kwenye uzamili, na hadi leo tasnifu zao ziko kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati.

Hatua ya 3: Nyoosha majina kabla ya kitu kingine chochote

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Bakonzo tuna shida yetu wenyewe. Majina yetu hufuata mpangilio wa kuzaliwa: Baluku ni wa kwanza, Bwambale wa pili, Masereka wa tatu, kwa wasichana Masika anatangulia, Biira anafuata. Katika chumba kimoja cha walimu Bwera unaweza kukuta akina Bwambale watatu, na kinachowatenganisha ni jina la ubatizo tu. Ongeza tahajia: Thembo kwenye cheti cha UCE, Tembo kwenye kitambulisho cha taifa, Biira kwa herufi i mbili huku, Bira huko. Au jina la ubatizo limekuja mbele kwenye UACE na nyuma kwenye barua ya uteuzi. Mtaani hakuna anayejali. Kwenye ofisi ya usajili ya chuo, na baadaye mbele ya tume, mtu huyo mmoja anaweza kuhesabiwa kuwa watu wawili.

Weka mezani kila karatasi kwa mpangilio wa miaka: PLE, UCE, UACE, cheti au shahada ya ualimu pamoja na nakala ya alama, hati ya usajili wa ualimu kutoka Wizara ya Elimu, barua ya uteuzi wa kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, kitambulisho cha taifa. Andika jina na tarehe ya kuzaliwa kama vilivyo kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Pakitofautiana, tafuta wakili akuandalie kiapo au hati ya kubadili jina, kulingana na ukubwa wa tofauti, kisha irekebishwe NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, au kokote kosa lilikozaliwa. Usirekebishe kwa kalamu yako, hata nukta. Cheti kilichochorwa kinaweza kukufukuzisha kazi uliyonayo.

Barua ya kuthibitishwa kazini ndiyo huwakosesha wengi. Mtu amefundisha miaka kumi na hajawahi kuipata, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aiombe. Bila hiyo kupandishwa cheo kunakuwa kugumu, na ruhusa ya masomo pia. Ifuatilie sasa, maana huweza kuchukua muda mrefu kuliko maombi ya chuo.

Waliosoma ng'ambo ya mpaka, Butembo au Beni, wanajua wenyewe kwamba wana kazi ya ziada: shahada ya nje hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lile tunaloliita NCHE, na matokeo ya sekondari ya nje hulinganishwa na UNEB, baraza la mitihani. Anzeni mapema. Hati za Kifaransa zitadai tafsiri iliyothibitishwa.

Hatua ya 4: Shika jukumu kabla ya kushika fomu

Masomo ya uongozi humwelea mtu aliyewahi kugombana na bajeti ya unga. Mwalimu anayeingia darasa la uzamili bila kuwahi kuongoza hata klabu ya mijadala huandika kazi nzuri za nadharia, halafu usaili humwumbua, kwa sababu wasaili huuliza ulifanya nini, na wapi, na nani aliona.

Omba basi kazi ambazo wenzako wanazikimbia. Sekondari kuna ukuu wa idara na usimamizi wa taaluma, ile nafasi ya DOS inayokula jioni zako zote. Shule ya msingi kuna ratiba, ulezi wa wasichana, ghala la chakula, ukatibu wa vikao vya walimu. Mama aliyekuwa mlezi wa wasichana kwa miaka kadhaa, akapunguza utoro wao na ana daftari la kuonyesha, ana hoja nzito kuliko anavyodhani. Na asikubali kuambiwa kwamba hiyo ni kazi ya kike tu isiyohesabika.

Kila jukumu lidai barua. Neno la mdomo la mkuu wa shule halina uzito pindi anapohamishwa, na wakuu huhamishwa. Mwambie kwa adabu: "Mzee, nimeipokea kazi kwa moyo, nakuomba tu uniandikie barua kwa ajili ya faili langu." Akicheka, cheka naye, halafu umkumbushe wiki inayofuata. Hivyo hivyo fomu za tathmini ya utendaji za kila mwaka: zijazwe, zitiwe saini, nakala ibaki kwako.

Ukiombwa kukaimu ukuu wa shule iliyo mbali, kule ambako gari halifiki, fikiri mara mbili kabla ya kukataa. Kukaimu hakukuhakikishii cheo, na wapo waliokaimu miaka bila nyongeza yoyote, jambo la dhuluma kabisa. Ila barua ya kukaimu ndiyo karatasi inayosoma vizuri kuliko zote mbele ya tume.

Hatua ya 5: Sasa chuo

Kutoka Kasese mjini hadi Fort Portal ni takriban kilomita 75, na huko ndiko kuna Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, kilichoanza 2005 kama chuo cha jamii na sasa ni cha umma. Mbarara iko upande wa pili, kupita Katunguru. Huko kuna Chuo Kikuu cha Bishop Stuart, na Taasisi ya Usimamizi ya Uganda (UMI) ina tawi lake. Kampala kuna Makerere na Kyambogo. Kyambogo ina uzamili wa elimu katika sera, mipango na usimamizi, na walimu wengi wameupitia. Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, makao yake Nkozi, kina historia ndefu ya masomo ya masafa.

Usichague kwa jina. Uliza maswali haya, na udai jibu la maandishi: masomo ni ya likizo, ya wikendi au ya jioni? Msimamizi wa utafiti hupangwa lini? Ni wanafunzi wangapi wa kundi lililoanza miaka mitatu iliyopita wamekwisha kuhitimu? Swali hili la mwisho litawakera. Liulize hivyo hivyo, kwani uzamili wa miaka miwili kwenye karatasi hugeuka wa mitano kwa sababu ya msimamizi asiyepokea simu.

Ratiba ya likizo ndiyo inayomfaa mwalimu aliye kazini, kwa kuwa mihula yetu ni mitatu kwa mwaka na vyuo vingi hupanga vipindi mwezi wa Mei, Agosti na Desemba. Wikendi humfaa wa Kasese mjini kuliko wa Bwera. Kutoka Bwera hadi Fort Portal, kupitia Kikorongo, ni zaidi ya kilomita 120 kwenda tu; ukizifanya kila Ijumaa jioni, Jumatatu darasa lako la S.3 litakulipia bei ya uchovu.

Kisha hakikisha programu yenyewe imeidhinishwa. Chuo kuwa na hati hakutoshi, kwa kuwa NCHE huidhinisha kila programu kwa muda wake. Mei 2023 kulizuka kelele nchini kote ilipoonekana kwamba programu nyingi, zikiwemo za vyuo vikubwa, zilikuwa zimeandikwa kwenye tovuti ya Baraza kuwa muda wake umepita. Baraza lilitoa ufafanuzi na vyuo vikakimbilia kuhuisha, lakini funzo linabaki kwa mwombaji: tazama jina kamili la programu na mwaka wake kwenye orodha ya Baraza, upige picha ya ukurasa huo, uiweke. Wanaokushawishi kwa vipeperushi kwenye kituo cha taksi hawatakuwepo siku tume itakapouliza.

Hatua ya 6: Ruhusa, kisha fedha

Mtumishi wa umma haendi masomoni kimyakimya. Andika barua kupitia kwa mkuu wa shule hadi kwa karani wa mji, CAO au Wizara, kulingana na Hatua ya 1. Hata kama utasoma likizo tu na hutakosa kipindi hata kimoja, iandike. Ukiomba likizo ya masomo yenye mshahara, jiandae kuombwa kusaini mkataba wa kurudi kuitumikia serikali kwa muda fulani. Usome wote kabla ya kutia saini.

Fedha ndiyo jaribu. Mwalimu wa Gredi ya Tatu hupata karibu shilingi 500,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa sekondari pengo limekuwa kubwa tangu Julai 2022, wakati mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipopandishwa hadi milioni 4 huku mwenzake wa historia au fasihi akibaki karibu na milioni 1. Ushauri wa pesa kwa hao wawili hauwezi kuwa mmoja. Wa sayansi alipe kutoka mfukoni, muhula kwa muhula. Wa sanaa na wa shule ya msingi wategemee SAKO ya walimu, wakope kiasi cha muhula mmoja tu kwa wakati, na walinganishe riba na benki kabla. Nafasi ya uongozi ina maana kubwa zaidi kwao, kwa sababu ndiyo ngazi iliyo wazi mbele yao.

Na yule mkopeshaji anayebaki na kadi yako ya ATM, hapana. Kila mwezi yeye ndiye anayepokea mshahara wako na kukukatia kidogo. Kasese ina walimu wa kutosha walioingia humo kwa ajili ya ada ya mwaka mmoja.

Katika bajeti, andika ada, nauli, mahali pa kulala, na pia zile zinazojificha: kuchapa na kujalidi tasnifu, ada za kamati ya maadili ya utafiti, joho la mahafali. Ukikosa mahali pa kupunguza, ahirisha muhula kwa barua rasmi. Kuahirisha kwa barua hukurudisha darasani. Kupotea kimya huku ada ikidaiwa hukufuta.

Hatua ya 7: Tafiti kilicho mlangoni pako

Hapa ndipo mwalimu wa Rwenzori ana utajiri ambao wenzake wa Kampala hawana, na wengi huuacha wakaandika juu ya "mitindo ya uongozi na utendaji wa walimu", mada iliyokwisha kuandikwa mpaka ikachakaa.

Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, ukapiga bonde la Kilembe, nyumba, hospitali na barabara. Mkuu wa shule anafanya nini wiki ya kwanza baada ya maji? Anawaweka wapi watoto, anazipata wapi rejista zilizolowa, anaongeaje na mzazi aliyepoteza nyumba? Maswali hayo hayako katika kitabu chochote cha uongozi kutoka Uingereza. Upande wa Bwera, Juni 2019 wagonjwa wa Ebola waliotoka Congo walithibitishwa huko, na shule za mpakani zikajifunza kunawa mikono kabla dunia haijasikia habari za korona. Baadaye shule za Uganda zikafungwa, zikafunguliwa nusu na kufungwa tena, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022. Nani alirudi darasani Mpondwe, nani alibaki sokoni, na mkuu wa shule alimfuataje? Kuna pia mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, ambao kundi lake la kwanza lilifanya UCE mwaka 2024: shule isiyo na maabara iliuendeshaje?

Neno moja kuhusu usiku wa 16 Juni 2023, shambulio la Sekondari ya Lhubiriha. Usalama wa shule za bweni za mpakani ni mada halali na ya lazima. Lakini usiwahoji watoto walionusurika wala wazazi waliofiwa kwa ajili ya alama zako. Chunguza maamuzi ya viongozi, ulinzi, mawasiliano na wanajeshi na wilaya, na uwaachie wengine waliofunzwa kazi ya majeraha ya moyo.

Kwa utafiti wowote unaohoji watu, pata kibali cha kamati ya maadili kwanza, jisajili na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia inapohitajika, kisha upeleke barua ya kujitambulisha wilayani au manispaa. Andika hojaji kwa Kiingereza kwa ajili ya chuo, ila mahojiano na wazazi yafanye kwa Lhukonzo, au kwa Kiswahili ukiwa soko la Mpondwe. Utapata majibu marefu mara tatu. Na ufanye mada iwe ndogo: shule nne unazofikia kwa boda zinatosha.

Hatua ya 8: Baada ya joho

Wiki hiyohiyo, peleka nakala zilizothibitishwa za cheti na alama kwa ofisa rasilimali watu, na moja iingie kwenye faili mbele ya macho yako, uandikiwe kwamba imepokelewa. Fuatilia matangazo ya Tume magazetini na kwenye mbao za wilaya. Soma masharti mstari kwa mstari: miaka katika cheo cha chini yake, daraja, kama ni fomu ya karatasi au ya mtandaoni. Mwenye uzamili asiyefikisha miaka inayotakiwa katika cheo cha chini atakatwa mapema, na mwenye stashahada ya uzamili aliyefikisha ataitwa.

Kwa usaili soma Sheria ya Elimu ya 2008, kanuni za maadili ya walimu za 2012, na taratibu za fedha za shule: ruzuku ya UPE au USE inaingiaje, nani husaini, hesabu husomwa mbele ya nani, manunuzi hufuata njia gani. Wakuu wengi wapya huangushwa na hesabu kuliko na kitu kingine, na wasaili wanalijua hilo. Beba folda ya Hatua ya 4, barua zote, fomu za tathmini, daftari la utoro. Ukiulizwa ungefanya nini shule ikivamiwa na mafuriko, usianze na nadharia. Taja shule, taja mwezi, eleza ulifanya nini asubuhi hiyo.

Usipochaguliwa, andika barua kuuliza ulipopungukia, kisha rudi kwenye kazi ya DOS. Matangazo hurudi, na faili lako sasa liko sawa.